Daftari Nililosema Limeliwa na Mchwa

Sifa mwanangu,

Jumapili uliniomba lile daftari langu la biokemia la shuleni. Ulitaka kwenda nalo Lubumbashi uwaoneshe wenzako kwamba mama yako alichora tezi ya shingo kwa kalamu za rangi kabla wewe hujazaliwa. Nikakujibu kwamba mchwa wamelila. Ukacheka, ukasema basi mchwa wa hapa kwetu Mulongwe ni madaktari. Mimi sikucheka, lakini hukuona kwa sababu ulikuwa umeinama unakunja nguo.

Mchwa hawakulila. Nililichoma mimi, ukurasa baada ya ukurasa, chini ya sufuria ya maharagwe, na ule wenye picha ya tezi niliusukuma kwa kijiti mpaka nikaona umekwisha wote.

Nakuandikia nikiwa kazini, hapa maabara ya Kimanga, mchana. Wewe na baba yako mmeshuka bandarini Kalundu kutafuta nafasi kwenye boti ya kesho. Wagonjwa ni wachache leo. Asubuhi bunduki zimelia tena upande wa Plaine, kule bondeni, na watu wamejifungia majumbani. Nimefunika darubini, nimegeuza karatasi za majibu ya malaria upande usioandikwa. Sitakuambia habari ya chandarua, wala ya maji ya kuchemsha, wala ya wanaume. Hayo nimekuimbia tangu ulipopata diploma mpaka ukanikataza. Leo naandika kwa sababu naogopa ubao.

Ubao wa darasani. Siku moja, mwaka wa kwanza au wa pili, profesa atasimama mbele yenu aandike peroksidasi ya tezi. Atachora mshale, kisha atataja muhogo. Atataja Kivu pia, maana wanaozungumzia muhogo na tezi huwa hawatuachi nyuma. Na wewe si mjinga. Utakuwa umekaa pale na kalamu mkononi, utamwona ndugu yako Amani kwenye ubao, halafu utaniona mimi. Afadhali unione hapa kwanza, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Ngoja nikueleze jinsi nilivyofundishwa, maana jambo hili nililijua vizuri, na ubaya wangu ndipo ulipo.

Ndani yetu, na ndani ya ng'ombe, mbuzi, panya na kila mnyama anayenyonyesha, kuna ukoo wa enzimu zinazoitwa peroksidasi. Kila moja imebeba hemu, kile kipande chenye chuma kinachoipa damu wekundu wake. Zote zinafanya kazi kwa njia moja. Mwili hutengeneza kidogo kidogo ile dawa tunayoiita oksijene, hii hii inayotoa povu tukiimwaga kwenye kidonda, nazo huichukua na kwa nguvu yake hugeuza kitu kingine. Mwalimu wetu alikuwa mzee mwembamba aliyevaa koti jeupe lililokwisha kuwa la njano. Alikuwa akituambia, "Hizi ni bandugu ine. Mama yabo iko moja, wa zamani kabisa, mbele ya samaki kuwa samaki." Yule mama wa zamani, alisema, alikuwa gene moja, chembe ya urithi, ile gene ikajinakili, nakala zikagawana kazi, na kila moja ikazoea mahali pake.

Ndugu wa kwanza yumo ndani ya chembe nyeupe za damu. Anachukua chumvi ya damu na kutengeneza javel, javel kabisa kama ile ya kung'arishia nguo nyeupe, anawamwagia vijidudu. Yeye mwenyewe ana rangi ya kijani. Wakati wa vita nilipaka usaha wa kijani kwenye vioo mpaka nikachoka, na ule ukijani ulikuwa ni yeye, amekufa kazini. Wa pili anapigana na minyoo. Wa tatu anakaa kwenye maziwa, mate na machozi. Yeye hutumia kitu kinachoitwa thiosianati kuwazuia vijidudu wasizaane, na ndiyo maana maziwa mabichi hukaa kidogo kabla ya kuchacha. Hao watatu ni askari.

Wa nne aliacha vita. Alienda kukaa shingoni, kwenye tezi, akawa fundi. Anachukua iodini na kuipachika kwenye protini, na hapo inatoka homoni ambayo mtoto tumboni anaitumia kujenga ubongo na masikio. Nilipokuwa mwanafunzi nilimpenda sana huyo. Nilifikiri, kumbe hata enzimu inaweza kupata akili ya kuweka bunduki chini, ila wanaume wa kwetu hawawezi.

Sasa muhogo. Ule mchungu una sumu, unajua. Usipokaa majini siku za kutosha, sumu inabaki kwenye unga. Ikiwa kidogo haikuui. Mwili unaigeuza kuwa thiosianati. Yule ndugu wa kwenye maziwa anaifurahia, ndiyo kifaa chake cha kazi. Lakini huyu wa shingoni inamharibia. Inaizuia iodini mlangoni isiingie kwenye tezi, na ndani nako inakaa mahali ambapo iodini ingekaa. Ukiwa na chumvi yenye iodini ya kutosha, hakuna neno. Usipokuwa nayo, fundi anakaa mikono mitupu, na mtoto anajengwa bila yeye.

Haya yote nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari na kuyapigia mstari mwekundu. Kwenye mtihani nilipata yote.

Vita ya pili ilipofika Uvira ulikuwa na miaka minne. Tulikimbilia kwa koko yako, mama mzaa baba yako, kule shambani kwake karibu na Kiliba. Unamkumbuka kidogo, najua, ingawa umejifunza kutosema. Alikuwa mwanamke mrefu, mkulima wa tangu utotoni, mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Hakunipenda haraka. Alitaka baba yako aoe msichana wa kulima, naye akaleta binti wa fundi cherehani wa Kimanga anayeangalia mavi ya watu kwenye darubini. Nami sikumpenda haraka, na niliona fahari kutompenda. Nilikuwa na mimba changa ya Amani, mwezi wa kwanza au wa pili.

Muhogo wa koko ulikuwa mchungu. Wote kule walipanda mchungu wakati huo, kwa sababu wenye bunduki wakipita wanang'oa ule mtamu wanatafuna hapo hapo. Aliulowesha kwenye dimbwi nyuma ya nyumba, siku nne, bila kupunguza. Mara mbili wenye bunduki walikuta dimbwi limejaa, wakaubeba wote ukiwa umeshamenywa, tukalala njaa. Ndipo mimi nikaamua kuutoa baada ya siku moja. Niliukatakata vipande vidogo, nikauanika juu ya bati na kuutwanga. Koko alinikuta na kinu.

"Mama Sifa, ile muhogo haiko tayari. Inakaaka mu mayi siku ine."

"Mama, siku ine batabeba yote tena. Minye nilisoma haya maneno. Tukipika muzuri, ubaya inatoka."

"Weye ulisoma. Njo muhogo nayo ilisoma?"

Watu waliokuwa uani walicheka. Nilikuwa mgeni, nina mimba, nimefukuzwa nyumbani kwangu, na wakulima wananicheka mbele ya mume wangu. Nadhani kama wasingecheka ningekubali. Naandika "nadhani" kwa sababu nimejitafutia sababu nyingi miaka hii yote, na hiyo ni mojawapo.

Sikiliza vizuri hapa, kwa maana ndipo watu huniokoa bila kujua. Watasema: ilikuwa vita. Kweli, wiki zile za mwanzo zilikuwa za vita, nami naiachia vita mzigo wake. Lakini wenye bunduki walihama. Waliteremka zaidi kusini, na dimbwi likawa salama. Koko alirudi kwenye siku zake nne kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi nilikuwa na chungu changu na kinu changu, nikaendelea na siku yangu moja msimu mzima wa mvua. Ilikuwa rahisi, ilikuwa haraka, na kila nilipomwona akipita kuangalia dimbwi lake nilisikia raha kwamba nimeshinda. Chumvi yetu ilikuwa ya gunia, ile ya mawe mawe isiyo na maandishi. Niliiona. Nilijua ile ya pakiti ina iodini na hii haina. Nilikula ugali wa unga ule na sombe, yale majani ya muhogo, yenye chumvi ile mpaka tumbo likawa kubwa, huku nikimfundisha jirani jinsi ya kuchemsha maji.

Amani alizaliwa kule kule, bila shida. Alikuwa mtoto mtulivu. Hakulia. Wanawake walisema nimebarikiwa, mtoto wa vita asiyelia, ndipo baba yako akampa jina hilo. Alinyonya polepole kama mtu asiye na haraka ya kuishi. Nilipokuwa nikimnyonyesha sikukumbuka ule ukoo wa peroksidasi hata kidogo. Baadaye nilikumbuka, na nilicheka peke yangu kicheko kibaya: maziwa yangu yalikuwa na ulinzi mzuri kabisa, thiosianati tele, na mtoto anayelindwa alikuwa ameshaharibika tangu tumboni.

Tuliporudi Mulongwe koko alikuja kukaa nasi, shamba lake likiwa limechukuliwa. Amani akafika miaka miwili hajasimama. Uso ulikuwa umevimba, ulimi mkubwa, ngozi kavu, tumbo kama ngoma. Mimi, mtu wa maabara, nilisema ni minyoo. Koko ndiye aliyeangusha kifuniko cha sufuria nyuma ya mgongo wa Amani, kwa makusudi, mara tatu, akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi.

"Mama Sifa, huyu mutoto hasikie."

Usiku ule sikulala, na kulipokucha nilifungua sanduku nikatoa daftari. Nilisoma ukurasa mmoja tu. Ilikuwa kama mtu ameandika habari zangu kabla hazijatokea: mama, muhogo, chumvi, mtoto mfupi asiyesikia. Mwandiko wenyewe ni wangu. Nikalirudisha chini ya vitenge, nikaenda kazini. Nilijiambia nitamweleza baba yako mwisho wa wiki.

Lakini baba yako alikuwa ameanza kwenda kwenye chumba kimoja cha maombi mtaani kwetu, na Alhamisi ile waombaji wa huko walikuja nyumbani. Mama mmoja mwombezi aliweka mkono juu ya kichwa cha Amani akafumba macho. Akasema, "Mu hii nyumba kuko muntu muzima, amefunga masikio ya mutoto." Baba yako akauliza nani aliyejua kwanza kwamba mtoto hasikii. Kila mtu akamgeukia koko. Alijuaje kabla ya mama mzazi? Alijuaje kabla ya mtu aliyesoma udaktari? Hivyo ndivyo walivyosema, udaktari, na mimi sikuwasahihisha.

Kisha wakakuita wewe. Ulikuwa na miaka sita, umevaa gauni la njano lililokubana kwapani. Yule mama akakuuliza kwa sauti tamu koko huwa anakupa nini cha kula mkiwa wawili. Ukasema: karanga. Ukasema kwa furaha, kwa sababu ulimpenda, na karanga zilikuwa siri yenu. Ukaona nyuso zinabadilika, maana kwao uchawi hupitishwa kwenye chakula cha siri, na ukaanza kulia kabla hujajua kwa nini.

Sifa, haikuwa karanga. Naomba ulisome hilo mara mbili. Zilikuwa karanga za kukaanga, mwanamke mzee anampa mjukuu wake, basi. Najua hujawahi kula karanga tena tangu siku ile. Unasema zinakukwaruza koo. Nimekuona harusini ukizipitisha sahani bila kuziangalia, na kila mara nilijua, na kila mara nikaendelea kula changu. Hukumfukuza koko. Mtoto wa miaka sita hamfukuzi mtu. Aliyemfukuza alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni na daftari sandukuni.

Koko hakulia wala hakuapa. Alisema neno moja tu, akiniangalia mimi, si wao.

"Nilimuambiaka siku ine."

Hakuna aliyeelewa. Baba yako akanigeukia. Alikuwa anaomba, mwanangu, naliona sasa. Uso wake wote ulikuwa unaniomba nimpe kitu cha kumwokoa mama yake. "Mama Sifa, anasema nini?"

Nikamjibu, "Sijue, Baba Sifa. Ni uzee."

Nimeshika sindano, nimeshika damu, nimeshika watoto waliokufa. Sijawahi kushika kitu kibaya kuliko maneno hayo. Yalinitoka kirahisi, na hicho ndicho kinachonitisha mpaka leo. Sikutetemeka. Sehemu yangu moja, hebu nikuambie yote, ilifurahi. Yule mwanamke aliyefanya nichekwe mbele ya watu alikuwa anaondoka nyumbani kwangu.

Baba yako alibeba matandiko yake mpaka Kalundu, akampandisha boti ya kwenda Baraka kwa mdogo wake aliyeolewa huko. Wewe ulikimbia nyuma yao mpaka darajani, nikakurudisha kwa kukuvuta mkono. Hilo gauni la njano lilichanika.

Bado hujasikia lililo baya zaidi.

Wiki moja baadaye nilimpeleka Amani kwa daktari mmoja, kwa siri. Alimgusa shingo, akamtazama ulimi, hakuhitaji dakika tano. Aliniuliza nilikula nini nikiwa na mimba. Nikasema, "Daktari, tulikuwa mu vita." Akatikisa kichwa, akaandika. Alinipa vidonge vya homoni, ile ile ambayo tezi yake ilishindwa kutengeneza. Alinieleza kwamba masikio hayatarudi, wakati wake ulishapita tumboni, na akili itabaki nyuma, lakini mwili utaamka kidogo. Nyumbani nilisema ni vitamini.

Na mwili uliamka. Baada ya miezi michache uvimbe ulishuka, ngozi ikalainika, Amani akasimama akishika ukuta. Siku aliyopiga hatua zake tatu, chumba chote cha maombi kilihamia uani kwetu. Walipiga ngoma. "Munaona? Mulozi ametoka, mutoto anatembea!" Baba yako alipiga magoti akishukuru kwamba alipata nguvu ya kumfukuza mama yake. Nilikuwa na vile vidonge kwenye mfuko wa aproni. Nilipiga makofi pamoja nao. Kesho yake ndipo nilipochoma daftari.

Hivyo ndivyo nilivyoishi na baba yako miaka kumi na minne. Hujawahi kushangaa kwa nini mtu anayefanya kazi bandarini kama yeye hajapanda boti hata mara moja kushuka Baraka? Mabaharia humletea salamu za mama yake. Anainamisha kichwa kama hajasikia, kisha siku hiyo hali chakula. Anaamini alichagua mtoto dhidi ya mama, na kwamba alichagua sawa, na bado jambo hilo limemla. Nimemwacha aliwe. Nilikuwa nafikiri kila mwaka kwamba mwaka ujao nitasema, na kila mwaka ukweli unazidi kuwa mzito kwa sababu ya ule mwaka nilioongeza juu yake.

Sikuandikii ili unifariji. Ukinifariji nitakasirika. Wala sikuandikii ili usikae vibaya na wakwe utakaowapata. Kaa nao utakavyoweza. Ila unaenda kusoma udaktari, na utarudi na maneno makubwa kuliko yangu. Mimi yangu yalikuwa machache na yalinitosha kumnyamazisha mwanamke aliyekuwa sahihi, mara mbili: mara ya kwanza kwa kinu, mara ya pili kwa kukaa kimya. Yeye hakujua iodini. Alijua dimbwi. Alijua kwamba mama yake na mama wa mama yake walihesabu siku nne, na aliyejaribu tatu alijuta. Siku utakayokuwa na koti lako, mzee akiingia akikuambia mtoto hasikii, muulize ameona nini, umwache amalize. Huenda akakosea. Lakini muulize kabla hujafungua kitabu.

Na ukigundua umekosea, sema wiki ile ile. Sisemi hivi kwa sababu ni vizuri. Nasema kwa sababu wiki ile ile ningekuwa mwanamke aliyeharibu unga wakati wa vita. Watu wangelia na mimi. Sasa mimi ni mtu mwingine.

Amani mwenyewe sijui nimwambie nini. Ana miaka kumi na sita na kimo cha mtoto wa kumi. Juzi alinishika mkono akauweka kwenye kinu cha jirani, tuhisi pamoja jinsi kinavyogonga. Alikuwa anacheka. Hajui kwamba kuna kitu alinyang'anywa. Anadhani dunia imeumbwa hivi, inagonga bila sauti. Ninampenda mpaka inauma, na nimemfanya hivyo mimi.

*

Naendelea. Ni saa kumi na moja, na mambo yamebadilika, kwa hiyo lazima uyajue.

Nilikuwa nimekusudia kuificha barua hii katikati ya nguo zako, uikute ukishuka boti Kalemie, mahali nisipoweza kuuona uso wako. Nilipofika pale juu nilipoandika habari ya kusema wiki ile ile, nilijisikia mjinga. Nakushauri wewe, halafu naficha karatasi kwenye sanduku la mtoto, na mwenye haki ya kwanza anakuja kunichukua kazini.

Baba yako aliingia, akasema nafasi imepatikana na wewe umeenda kuwaaga rafiki zako. Nikamwambia akae kwenye benchi la wagonjwa. Nikamsomea yote, tangu mchwa mpaka Amani na kinu. Sikuruka kitu, hata pale niliposema nilifurahi.

 Nje walikuwa wanapitisha baiskeli za makaa. Mwisho akauliza, "Ile haiko vitamini?"

"Haiko vitamini, Baba Sifa."

"Na ile siku alisema siku ine, ulielewa?"

"Nilielewa."

Akatazama mikono yake. "Minye njo nilibeba matandiko yake," akasema. Akarudia tena, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni. Kisha akasimama akatoka, na nikadhani ndiyo basi.

Amerudi sasa hivi. Alishuka tena Kalundu. Ameongeza nafasi mbili kwenye boti yako, yake na ya Amani. Wao watashukia Baraka. Amesema koko alimwona Amani akiwa hawezi kusimama, basi amwone anavyotembea, na aambiwe kwa nini. Nilimuuliza kama mimi nije pia. Akasema, "Apana. Weye utabakia." Nilimuuliza kama watarudi. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Akasema, "Ile njo mama yangu atasema."

Nimemfundisha vidonge vya Amani: kimoja, asubuhi, kabla ya kula, asisahau hata siku moja. Ameniomba nirudie jina la dawa, la kweli, akaliandika kwa kalamu yangu kwenye kiganja.

Barua hii nitakupa mkononi jioni hii. Ukitaka kunipigia kelele, nitakuwa jikoni. Ukitaka kuondoka kesho bila kuniaga, vilevile nitaelewa, na sitakufuata mpaka bandarini.

Boti itasimama Baraka kushusha mizigo, utapata muda wa kushuka nao kidogo. Atakuwa amezeeka, sijui kama atakujua. Mpigie magoti, kula chochote atakachokupa. Usimwombee mama yako msamaha, hiyo si kazi yako, na sidhani kama nina haki ya kuupata. Lakini akikuuliza kama mimi siku ile, nikiwa nimekaa pale kwenye kiti, sikumsikia au nilimsikia, mwambie nilimsikia.

Mama yako